Pindo la Nguo Nyeupe

Walipokuja kuniita nikakate sanda ya Zaituni, nilikuwa kwenye cherehani naweka kola kwenye shati la shule, na jambo la kwanza nililofanya ni kuimalizia ile kola. Aliyetumwa alikuwa binti yake wa mwisho. Alisimama mlangoni, mtandio umelowa machozi, akasema, "Shikamoo mama mkubwa. Baba anasema uje wewe. Anasema asikate mtu mwingine." Nikaitikia, nikamwambia atangulie, nikakata uzi kwa meno. Kukata sanda hakuhitaji fundi. Yeyote mwenye mkasi unaokata na moyo wa kutosha anaweza kuikata, na hapa Mwankoko wanawake wa namna hiyo ni wengi. Lakini Hamisi, mume wa marehemu, alitaka niwe mimi, na nilijua kwa nini. Njiani nilikuwa nimeficha mkasi ndani ya khanga, upepo wa Singida unanitupia vumbi la macho kama kawaida yake, na nikajikuta namwonea wivu Zaituni hata siku hiyo, wakati yeye mwenyewe amelazwa hajui tena kama kuna mtu anaitwa Mwajuma.

Niseme mapema ili nisimsumbue msomaji: mimi ni mtu wa wivu. Wenzangu wakizungumzia wivu wa ujanani huuzungumzia kama surua, kitu kilichowashika utotoni kikaisha. Wangu haukuisha. Nimeolewa nao, nimezaa nao, nimemzika mume wangu kule Mungaa na kurudi mjini nao. Uwanjani kwa Hamisi niliwakuta kina mama wamekaa mikekani wanachambua mchele wa msiba, na kabla hata sijavua viatu nilisikia mmoja wao akisema, "Mimi namkumbuka kwenye video ya Mama Shaibu. Ile harusi ya Kichina. Alivyosema 'Mama, naondoka,' mwenzenu nililia mpaka nikasahau nimeacha mtoto nyumbani." Wengine wakaguna kukubali. Mmoja akauliza kama ndiyo ile picha ya nguo nyeupe, akajibiwa ndiyo hiyo hiyo. Nikapita katikati yao nikitoa pole, nikaingia ndani. Katika watu wote waliokuwa pale uwanjani, ni mimi na Hamisi tu tuliojua ile picha ilikuwa inahusu nini.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwaka ule wa ujenzi wa barabara ya lami, miaka ya deki na sidii, kabla simu hazijawa na picha. Mimi na Zaituni tulikuwa tunajifunza ushonaji kwa Mama Shaibu, mama mmoja mnene, mkali, mwenye nyumba ndefu. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani. Chumba kirefu cha nyuma kilikuwa banda la video, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, mabenchi yamepangwa mpaka ukutani, na televisheni imewekwa juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine ili hata wa mwisho aone. Jenereta lilikuwa uani, likinguruma karibu na jiko, kwa hiyo chakula chetu chote cha mwaka ule, ugali wa mtama, mlenda, dagaa, viazi vitamu vya asubuhi, ninakikumbuka pamoja na harufu ya petroli. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na mlango usio na ubao. Pazia lake lilikuwa la vitenge viwili nilivyoviunga kwa mkono wangu. Mama Shaibu hakuruhusu wasichana wake wakae kwenye mabenchi na wanaume wa stendi, lakini pazia hakulikataza, na sisi tulijifunza kuliachia upenyo wa kutosha jicho.

Zaituni alikuja kwetu akitoka kumzika mama yake. Jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja mbele yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa analia. Alicheka, alipika, aliimba akipiga pasi. Nyuma ya mgongo wake kina mama walikuwa wakija kupima nguo wanamnong'oneza Mama Shaibu, "Yule mtoto bado hajalia?" na Mama Shaibu anajibu huku pini ziko mdomoni, "Bado. Si vizuri. Itamtokea pabaya." Mimi nilisikia yote hayo na sikumhurumia kama ilivyopasa. Alikuwa mwepesi kupendwa, hilo ndilo lililonikera. Mteja akija na kitambaa anamwulizia yeye, ingawa mkono wa kushona ulikuwa wangu na Mama Shaibu mwenyewe alisema hivyo. Tukila sahani moja alinisogezea kichwa cha samaki, akijua nakipenda, na mimi nikala kwa hasira.

Picha zilikuwa za namna nyingi, ila za Kichina, zile za mapanga na mapenzi, ndizo zilizojaza banda mpaka watu wakasimama. Wanaume walikuja kwa ajili ya vita. Mimi niliziangalia kifundi. Sijawahi kuona tena nguo zinazofanya kazi kama zile. Mtu akiruka juu ya vilele vya mianzi, nguo ndiyo ilikuambia kama anaruka kwa furaha au anakimbia kufa. Mwanamke akimpenda mtu ambaye hakupaswa kumpenda, hasemi, anavuta tu mkono wa gauni ukafunika vidole. Upepo wa kwenye picha zile ulikuwa na adabu, unainua shela polepole na kuirudisha mahali pake, wakati huu wa kwetu unakujia na mchanga na kukuvulia khanga mbele za watu. Na rangi zilikuwa na mpango. Binti alianza picha na nyekundu, akipata mashaka anavaa buluu, akikata shauri anavaa kijani cha maji. Nilikuwa najua mambo yataharibika kabla ya steringi, shujaa wa picha, mwenyewe kujua, kwa kuangalia tu amevaa nini. Usiku nikilala niliota vitambaa, si watu.

Hamisi ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alikuwa amefanya kazi kwa Wachina wa barabara, akilinda mapipa ya mafuta, na alirudi mjini na kofia ya kambini, maneno machache ya Kichina, na sifa iliyozidi vyote viwili. Ukweli ni kwamba Kichina chake kilianzia kwenye salamu kikaishia kwenye dizeli. Mengine aliyasoma kwenye picha yenyewe. Kila sidii mpya aliiangalia peke yake asubuhi, kwenye benchi la mbele, na chai ya rangi mkononi, na jioni baada ya swala ya alasiri alishika maiki akatusimulia kana kwamba amezaliwa nyumba moja na wale watu. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana tabia ya kuinamisha kichwa akisikiliza. Nilimpenda. Naliandika hivyo hivyo lilivyo, maana nina umri ambao hakuna wa kunifukuza nyumbani kwa neno hilo.

Kilichomshinda Hamisi ni sauti za wanawake. Alikuwa akibana pua, na watu wakacheka mahali pa kulia. Mama Shaibu alichukia sana. "Bibi wa watu anaachwa na mchumba, nyie mnacheka! Hapana. Nyie wasichana, mmoja wenu ampokee." Nikaitwa mimi kwanza kwa kuwa nilikuwa mkubwa. Nikaketi kwenye kigoda nyuma ya pazia, nikapewa maiki ya pili, na binti wa kwenye picha alipofungua mdomo nikasema, "Usiende, nitakungoja." Mpiga debe mmoja wa stendi akauliza kwa sauti, "Huyo anamngoja au anamdai?" Banda zima likaangua kicheko. Nikamsikia na Hamisi akicheka, kidogo tu, kwenye maiki. Nikampa Zaituni kile kigoda. Sauti yake haikuwa nyembamba wala ya kubembeleza, ilikuwa sauti ya mtu anayeongea na wewe huku anapepeta mchele, hana haraka, anajua utakuwepo. Aliposema sentensi yake ya kwanza mabenchi yalinyamaza, hata watafuna miwa walishika miwa yao mkononi.

Kuanzia siku hiyo nikawa nakaa nyuma yake, kazi ya mkono iko mapajani, nikiwasikiliza wanavyopendana kwa niaba ya Wachina. Mwanzoni nilijiambia ni kazi. Kisha ikaja picha ya nyumba ya watia rangi, hiyo ninayoisimulia. Steringi ni mlinzi wa panga za bwana mmoja tajiri, na binti wa yule bwana amechumbiwa na jenerali. Wanakutana kwa siri kwenye uwanja wa kuanikia vitambaa. Vitambaa virefu vimetundikwa kwenye miti mirefu, njano, buluu, nyekundu, vinachuruzika rangi, na wao wawili wanatembea kila mmoja upande wake, kitambaa kiko katikati, hawaonani ila kivuli. Wanatembea hivyo muda mrefu. Kivuli kinasimama, na kingine kinasimama. Nilisahau hata sindano. Hamisi akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, upanga huu ni wa baba yako, ila mkono unaoushika ni wa kwako." Zaituni akamjibu, "Basi uweke chini huo upanga, niuone mkono." Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama kwenye televisheni, na midomo ya wale Wachina ilikuwa imefungwa. Walikuwa wanatazama vitambaa tu, wamenyamaza. Aliyekuwa akizungumza pale alikuwa Hamisi, na aliyekuwa akijibu alikuwa Zaituni, mbele ya watu wote wa stendi, na hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Nilijichoma sindano kidoleni na sikuitoa mara moja.

Jioni ile tulikula uani. Zaituni alikuwa anacheka na Mama Shaibu juu ya jambo fulani, na mimi niliuangalia mlenda mpaka Mama Shaibu akaniambia, "Kula, Mwajuma. Mlenda hauchumbiwi, unaliwa." Alikuwa ameona, yule mama. Hakuna alichokikosa.

Sasa nifike mwisho wa ile picha, maana ndio uliobaki vichwani mwa watu. Steringi anapigana na watu wa jenerali kwenye ngazi ndefu za mawe. Anapigana vizuri sana, kanzu yake ya kijivu inachanika kipande kwa kipande, na kila kipande kinaondoka na upepo. Anafika ngazi ya juu kabisa. Anapiga magoti. Hapo picha inakatika, na inapofunguka tena dunia yote ni nyeupe. Msafara unapita kwenye njia ya vilima. Watu wote wamevaa nyeupe, kofia za kuchongoka za kitambaa cheupe, bendera nyeupe kwenye miti mirefu, na vikaratasi vyeupe vinarushwa hewani vinashuka kama mvua nyepesi. Wanaume wamebeba sanduku kubwa, upanga umewekwa juu yake. Binti anatembea nyuma ya sanduku, naye amevaa nyeupe, analia wazi wazi, ameshikwa huku na huku na wanawake wawili. Sijaona kitu kizuri zaidi ya hicho kwenye kioo chochote. Nilimwona Zaituni ameshika maiki kwa mikono miwili, anamsubiri Hamisi.

Hamisi akasema, "Ndugu watazamaji, vita vimekwisha. Steringi ameshinda. Tunaingia harusini!" Banda likalipuka. Kina mama waliokuwa wamesimama mlangoni wakapiga vigelegele. Akaendelea, sauti imetulia: lile sanduku ni la nguo za bibi harusi, linapelekwa kwa mume. Ule upanga uliowekwa juu yake ni kwamba steringi ameapa hapigani tena. Vile vikaratasi, wanamtunza bibi harusi. Kila neno lilikaa mahali pake. Sisi tunamtunza bibi harusi kwa noti, wao wanatunza kwa makaratasi, hilo halikumshangaza mtu. Bibi harusi analia, nani hajui kwamba bibi harusi wa kwetu asipolia siku ya kuondoka kwao anasemwa mwaka mzima? Na steringi hafi, hiyo ndiyo sheria ya mabanda yote ya video kuanzia hapa mpaka Manyoni, picha ya steringi aliyekufa watu wanadai warudishiwe kiingilio chao. Basi Zaituni akavuta pumzi, akamsemea yule binti. "Mama," akasema. "Mama, naondoka. Mama, ungekuwepo leo." Halafu hakuweza tena kusema, akalia, akalia kwenye maiki, kilio cha tumboni, na watu wakadhani ni ufundi wa kutafsiri. Wakalia naye. Mama Shaibu alikuja akamwondoa kwenye kigoda akampakata kama mtoto. Mimi nilibaki nimeshika pazia. Nilichowaza, na nakiandika kilivyo, ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza mimi namna ile.

Picha ile iliombwa tena na tena, ikachezwa mpaka sidii ikaanza kukwaruza. Alizeti zilipochanua, posa ya Hamisi ikaletwa kwa Mama Shaibu, aliyeipokea kwa niaba ya ndugu zake Zaituni, ikakubaliwa kabla wageni hawajamaliza chai. Nilisikia yote kutoka jikoni, nikipuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka. Zaituni akaja mbio, akanikumbatia na mikono yangu ya masizi. "Mwaju, shoga yangu, nataka gauni lile la kwenye picha. Lile lile jeupe. Na nataka ushone wewe, si mwingine." Nikamwambia sawa. Nikamwambia lakini lazima niliangalie vizuri, maana kwenye upenyo wa pazia huwezi kukata kipimo.

Asubuhi yake Hamisi aliniwekea ile sidii. Banda lilikuwa tupu, mwanga unapita kwenye matundu ya mablanketi. Nilimwambia asimamishe picha hapa, arudishe nyuma, asimamishe tena, nikapanda juu ya benchi mpaka uso wangu ukawa karibu na kioo. Nilikuwa nimekuja kutafuta mshono wa bega. Nilichokiona ni pindo, au niseme ukosefu wa pindo. Lile gauni halikupindwa. Nyuzi zimeachwa zinaning'inia chini na kwenye mikono, kama nguo iliyoraruliwa kutoka kwenye jora na kuvalishwa hivyo hivyo. Kitambaa chenyewe kilikuwa kigumu, ndugu yake gunia, na kiunoni amefungwa kamba, kamba kweli, ya katani. Nikaangalia wale wanawake wawili, nao vivyo hivyo. Katika picha ambayo hata tandiko la farasi lilitariziwa, ambayo mpishi alipita mara moja tu na bado kola yake ilikuwa na maua, bibi harusi, binti wa tajiri, amevalishwa nguo isiyopindwa. Hakuna fundi duniani anayefanya hivyo kwa harusi. Nikaliangalia sanduku. Halikuwa na kufuli wala mshikio, na wale wanaume waliolibeba wameinamisha vichwa.

"Hamisi," nikamwambia, bado nimesimama juu ya benchi. "Huu ni msiba. Steringi amekufa. Yumo humo."

Nilisema kwa furaha, sitaficha. Niliona harusi yao yote imefumuka mkononi mwangu kwa kuvuta uzi mmoja. Nilitegemea atabisha, au ataona aibu. Hamisi alikunywa chai yake, akaweka kikombe chini.

"Najua," akasema. "Wachina wa kambini walifiwa na mwenzao. Nyeupe ndiyo rangi yao ya msiba. Hata yale makaratasi waliyarusha."

"Ulijua toka siku ya kwanza?"

"Niliiangalia asubuhi, kama kawaida. Nikafika hapo nikazima deki." Aliinamisha kichwa kama anasikiliza kitu uani. "Mwajuma, wewe unakaa naye. Umewahi kumwona analia? Jioni ningemwambia nini? Shika maiki, msemee huyu anayezika? Mbele ya watu wa stendi? Nikasema basi, iwe harusi. Kwenye harusi mtu anaruhusiwa kumlilia mama yake na hakuna anayemwuliza."

Nilishuka kwenye benchi nikakaa. Nimeonea watu wivu kwa mambo mengi, kwa waume, kwa ngozi, kwa mashine za kudarizi, lakini kitu kilichonipanda kifuani pale sijakipata tena. Mwanaume alikuwa amemchukua maiti kutoka kwenye sanduku, akamfufua, akamwoza, akaudanganya mji mzima na kuhatarisha jina lake la mtafsiri, ili msichana mmoja apate mahali pa kulia. Na msichana mwenyewe hajui. Nilitamani, Mungu anisamehe, ningekuwa mimi niliyefiwa.

"Utamwambia?" akaniuliza.

Nilichukua kamba yangu ya vipimo nikaondoka, na siku kadhaa nilitembea na lile neno mdomoni. Nilikuwa nalo wakati tunaosha vyombo, nalo wakati Zaituni amesimama mbele yangu amenyanyua mikono nimpime kifua. Ningesema tu, "Zaituni, lile ni vazi la msiba," na kwetu hakuna msichana ambaye angeolewa na nguo hiyo, wala na mwanaume aliyemwachia aiagize. Mama Shaibu angevunja kila kitu kwa uchuro peke yake. Yeye amenyanyua mikono, ananiambia, "Mwaju, wewe ukiolewa na mimi nitakushonea, hata kama mshono wangu unakwenda upogo," na neno liko hapa, nyuma ya meno.

Nilishona. Nilikata mikono mipana kama ya kwenye picha, nikaweka mkia wa nyuma, nikachagua kitambaa laini kinachofuata upepo. Halafu nikapinda. Nilipinda chini, nikapinda mikono, nikapinda shela, pindo jembamba la mkono, mishono midogo ambayo huioni mpaka uiguse, kazi iliyonimaliza macho. Zaituni alipolijaribu akageuka geuka akafurahi, kisha akashika ncha ya mkono. "Mbona umepinda? Kwenye picha halina pindo. Nimeangalia sana." Nikamwambia, "Bibi harusi wangu hatoki nyuzi zinaning'inia. Wale mafundi wao wana haraka." Akacheka. Hamisi alikuwa amesimama mlangoni na aliona lile pindo, akaniangalia, akainamisha kichwa. Watu wakisikia hadithi hii watadhani nilifanya kwa wema. Sikutaka tu awe Hamisi peke yake aliyempa Zaituni kitu ambacho Zaituni hakijui. Nilitaka na mimi niwemo.

Basi, ndiyo hiyo iliyonipeleka na mkasi wangu kwenye chumba cha Zaituni. Wanawake wa kuosha walikuwa wameshamaliza, chumba kinanukia kafuri na ubani, amefunikwa. Nikakunja magoti sakafuni nikafungua jora la bafta. Mkasi ulikwenda vizuri. Nilipomaliza kipande cha kwanza, vidole vyangu vikashika ukingo vyenyewe, vikaukunja mara moja, vikaukunja tena, kama vinavyofanya kila siku, na nikawa natafuta sindano kifuani kwangu. Mwoshaji, bibi mmoja mtaratibu, akanishika mkono. "Usipinde, Bi Mwajuma. Sanda haipindwi." Nilikuwa najua. Nimezika watu wa kutosha. Nikauachia ukingo, nyuzi zikajifungua, zikaning'inia. Nikasaidia kumvika, na uso wake kabla haujafunikwa ulikuwa na ile hali ya kutokuwa na haraka.

Adhuhuri ilikuwa imeswaliwa. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikamkuta Hamisi amekaa peke yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, kanzu yake imejaa vumbi. Amezeeka, meno yamepungua, shingo imekuwa nyembamba. Mbele, kina mama walikuwa bado wanaisimulia ile harusi ya Kichina, na sisi wawili tuliwasikia. Nilimpa pole tena, akapokea. Alikuwa anaangalia mkasi.

"Wewe ndiye umemwona wa mwisho," akasema. "Nieleze, Mwajuma. Kakaaje?"

Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa anatuambia tunaona nini. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa, ananisubiri mimi, mwenye sauti ya kudai. Angalau mara moja maishani mtu huyu alitaka maneno yangu, na nilikuwa na ya kweli tayari: bafta, ukingo mbichi, nyuzi. Anayajua. Hakuwa amekaa kwenye ile ndoo kuyangoja hayo.

"Amevaa nyeupe," nikamwambia. "Mikono mipana. Nimempindia kila mahali, hakuna uzi unaoonekana. Anaondoka, Hamisi. Kapendeza, bibi harusi wako, na mama yake anamngoja."

Alicheka kidogo, kile kicheko kidogo cha kwenye maiki, kisha uso ukamkunjamana akalia kwa sauti, na vijana wakaja kumshika huku na huku. Wakamwambia ni wakati. Akasimama, akapangusa uso kwa kanzu, akaenda kushika jeneza mbele, upande wa kulia. Wanaume wakaliinua wakaanza kwenda upesi upesi kama inavyotakiwa, upepo ukalipuliza lile shuka la juu, na kwa mara moja upepo wa Singida ukawa na adabu, ukaliinua polepole na kulirudisha mahali pake. Sisi wanawake tulibaki. Nilisimama mlangoni nikiangalia mgongo wa Hamisi mpaka ukapotea kwenye kona ya msikiti, na wivu wangu ulikuwa mzima kabisa, na sikuwa tena na mtu wa kumwonea.